Mbwa wa Kulinda Nyumba: Anza na Kazi, Mbegu Itafuata

Mtu anayetafuta mbwa wa kulinda nyumba kwa kawaida huanza na swali moja: ni mbegu ipi iliyo kali kuliko zote? Swali hilo linaeleweka, hasa likitoka kwa mtu ambaye nyumba yake imekwisha kuvunjwa na ambaye tangu siku hiyo hushtuka usiku kila mlango unapogongwa na upepo. Hata hivyo, ndilo swali linalowafanya wengi wanunue mnyama wasiyemmudu, akaishia kufungwa mnyororo nyuma ya nyumba, akawa hatari kwa wenyeji wake kuliko kwa mwizi. Swali linalopaswa kutangulia ni la kazi: mwizi akifika, unataka mbwa afanye nini hasa?

Kazi hiyo ina ngazi tatu, na kila ngazi ina mbwa wake. Ya kwanza ni kutoa taarifa, yaani mbwa asikie au anuse ugeni kabla ya binadamu, kisha abweke hadi watu wa nyumbani waamke na mgeni naye ajue kwamba amegunduliwa. Ya pili ni kuzuia, ambapo mbwa mwenye umbo, sauti na ujasiri wa kutosha husimama kati ya mgeni na mlango, asirudi nyuma hata akitishwa. Ya tatu ni kukabili: mbwa aliyefunzwa na mtaalamu humkamata mtu kwa amri na kumwachia kwa amri. Mbwa wa polisi yuko katika ngazi hii ya tatu. Watu wengi wakiulizwa husema wanaitaka hiyo hiyo, lakini kwa maoni yangu nyumba nyingi zinahitaji ngazi ya kwanza iliyo imara, pamoja na kiasi fulani cha ngazi ya pili, na uchaguzi wa mbwa hurahisika sana mtu akishakubali jambo hilo.

Sababu iko kwa mwizi mwenyewe. Mvunja nyumba wa kawaida anahitaji muda, kimya na kutoonekana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Charlotte, Marekani, walikusanya majibu ya wavunja nyumba 422 waliokuwa magerezani katika majimbo matatu, wakiwauliza jinsi walivyokuwa wakichagua nyumba za kuvunja. Miongoni mwa mambo ambayo wafungwa hao walisema waliyaangalia kabla ya kuamua ni kuwapo kwa watu ndani, king'ora, kamera na mbwa. Mtu wa namna hii hatafuti pambano. Anatafuta nyumba rahisi, na akiona iliyo mbele yake si rahisi, anaenda nyingine. Mbwa humwondolea kimya, na akibweka mfululizo humwondolea na muda pia, kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinzi wake hukamilika kabla ukuta haujaguswa. Yuko mwizi wa aina nyingine, aliyekuja na silaha na wenzake, akijua anafuata nini. Kwa huyo, mbwa anaweza kukupa dakika chache za kufunga milango ya ndani na kuita msaada. Kumtegemea apigane naye ni kumtoa mnyama kafara.

Wazo kwamba mbwa hulinda kwa kutangaza ni la kale. Katika mji wa Kiroma wa Pompeii, uliofukiwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvio mwaka 79 baada ya Kristo, kuna nyumba ambayo sakafu ya mlangoni pake imenakshiwa kwa vijiwe picha ya mbwa aliyefungwa mnyororo, na chini yake maneno ya Kilatini yanayomtaka mgeni ajihadhari na mbwa. Mwenye nyumba yule alijua kwamba onyo lenyewe ni sehemu ya ulinzi. Waroma haohao walisimulia kwamba maadui wao Wagali walipokwea kilima cha Kapitoli usiku, karibu mwaka 390 kabla ya Kristo, mbwa walinyamaza, na askari wakaamshwa na kelele za mabata bukini. Iwe ni historia au hekaya, kisa hicho kinaonyesha kile ambacho watu walikitarajia kwa mbwa tangu zamani. Basenji, mbwa wa asili ya Kongo, anajulikana kwa kutobweka kama mbwa wengine. Ni mwindaji hodari, lakini anayetafuta mlinzi wa usiku amfikirie mara mbili kabla ya kumchukua.

Binadamu mwenye masikio mazima husikia sauti za mtetemo wa hadi takriban 20,000 kwa sekunde, ilhali mbwa husikia hadi zaidi ya 40,000. Pua ya mbwa hukadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu vinavyoweza kufikia milioni 300, na yetu ina milioni 5 au 6 hivi. Maana ya hesabu hizo utaiona usiku wa manane, mbwa aliyelala anapoinua kichwa ghafla kutoka kwenye miguu yake ya mbele. Mwanzoni hapigi kelele. Masikio yanaelekea upande mmoja, pua inachezacheza, nywele za mgongoni zinasimama kuanzia shingoni, kisha unatoka mngurumo mdogo wa kifuani ambao mtu aliye usingizini hausikii. Sekunde kadhaa baadaye ndipo anaponyanyuka na kubweka. Katika muda huo mfupi mbwa anapima: ni paka wa jirani, ni mtu wa nyumbani aliyechelewa kurudi, au ni mtu asiyemjua? Mbwa unayemtafuta ni huyu anayepima.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuishi na mbwa asiyepima. Alibwekea jani, baiskeli, ndege na mvua. Usiku ambao mtu aliingia uani kweli, akavuna nguo zote zilizokuwa kwenye kamba na kuondoka na ngazi ya chuma, mbwa yule alibweka kama alivyobweka usiku mwingine wowote, nasi tukajigeuza tukaendelea kulala. Kosa halikuwa lake, kwani hakuna aliyewahi kumfundisha. Watafiti wa Hungaria waliwahi kuwasikilizisha watu mibweko iliyorekodiwa, na hata wasiofuga mbwa waliweza, kwa kiwango kinachozidi kubahatisha, kutofautisha mbweko wa kumwona mgeni na mbweko wa upweke au wa mchezo. Mbweko una ujumbe, na wenye nyumba wana uwezo wa kuuelewa, ila ujumbe huo hufa pale mbwa anapobwekea kila kitu na kila mtu.

Tiba yake ni mafunzo yanayoanza mapema. Mbwa akibweka, mwache apige mibweko miwili au mitatu, nenda utazame alichokiona ili ajue taarifa yake imepokelewa, kisha mwambie neno moja la kunyamaza ambalo halibadiliki, na anaponyamaza hata kwa sekunde mbili mpe kipande kidogo cha chakula. Siku zinavyokwenda, urefushe muda wa kimya kabla ya kumpa. Kumfokea kutoka kitandani hakusaidii. Kwake inakuwa kama wewe nawe umejiunga kubweka. Kumpiga ni kubaya zaidi, kwa sababu atajifunza kwamba kutoa taarifa kunaleta maumivu, na siku ya haja atanyamaza.

Sasa tuje kwenye mbegu. Ina umuhimu wake, ila si ule inaodhaniwa kuwa nao. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia taarifa za mbwa zaidi ya 18,000 pamoja na uchunguzi wa jeni za mbwa zaidi ya 2,000, ukaonyesha kwamba mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Jambo linalomhusu zaidi anayetafuta mlinzi ni kwamba urahisi wa mbwa kuchokozeka ulikuwa miongoni mwa tabia ambazo mbegu haikuweza karibu kabisa kuzitabiri. Mbegu hukuambia kwa uhakika mkubwa mbwa atakuwa na umbo gani, uzito gani, manyoya ya namna gani, na ni maradhi gani ya kurithi uyaogope. Kuhusu moyo wake, inakupa makadirio tu.

Makadirio hayo yanatokana na kazi ambayo mababu wa mbwa huyo walichaguliwa kuifanya. German Shepherd alianza kuratibiwa Ujerumani mwaka 1899, Max von Stephanitz alipomnunua mbwa wa kuchungia kondoo na kumpa jina la Horand. Ndiyo maana mbwa wa mbegu hii hupenda kufuata maelekezo, hujifunza haraka na humganda mtu wake. Dume huwa na kilo 30 hadi 40, na ugonjwa wa viungo vya nyonga ni wa kuuliza kabla ya kununua. Rottweiler amepewa jina la mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako mababu zake waliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Ni mzito, dume hufikia kilo 50, na akilelewa vizuri ni mtulivu kuliko sifa aliyovumishiwa. Dobermann ana jina la mtu, Karl Friedrich Louis Dobermann wa mji wa Apolda, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa mkusanya kodi aliyetaka mbwa wa kumlinda njiani. Ni mwepesi na mwenye hadhari kubwa, lakini manyoya yake mafupi hayamfai kulala nje kwenye baridi, na maradhi ya misuli ya moyo humwandama. Bullmastiff alitokana na haja ya walinzi wa mashamba ya wanyama wa kuwindwa huko Uingereza, waliotaka mbwa wa kumnyemelea jangili kimya, kumwangusha na kumbana chini bila kumrarua. Kwa hiyo ni mzuri kwa kuzuia, ila kwa kutoa taarifa habweki sana. Boerboel wa Afrika Kusini naye ni wa kundi hilo la mbwa wazito, na anahitaji mtu aliyewahi kufuga mbwa wakubwa.

Mbegu mbili nazitajia onyo. Malinois wa Ubelgiji anapendwa na polisi na majeshi, na watu wakimwona kazini humtaka nyumbani. Mbwa huyu amezaliwa kwa ajili ya kazi ya siku nzima. Akikaa uani bila kazi hujitafutia yake, na kazi hiyo huwa ni kuchimba, kutafuna milango au kukimbiza watoto wanaokimbia. Mbwa wa kulinda kondoo, kama Kangal wa Uturuki, nao hueleweka vibaya. Walichaguliwa ili waamue wenyewe, mbali na mtu, wakizunguka eneo kubwa na kubweka usiku kucha kuwaonya mbwamwitu. Ukimweka mbwa kama huyo kwenye ua wa hatua ishirini, sifa zake zote hugeuka kero.

Upande wa pili kuna mbwa wadogo, wakiwemo jamii ya terrier na dachshund, ambao kwa ngazi ya kwanza peke yake wanatosha kabisa. Kuna pia mbwa chotara. Chotara wa wastani, mwenye kilo 20 hivi na kifua kinachotoa sauti nzito, ambaye wazazi wake wameishi katika mazingira hayohayo wakiwa na afya njema, ni mlinzi bora kwa nyumba nyingi, na nasikitika kuona watu wakimpita ili wakamchukue mbwa wa jina kubwa mwenye nyonga mbovu. Tena, kwa mtu aliye nje ya lango gizani, sauti ndiyo inayohesabika. Haoni cheti cha ukoo.

Tufike kwenye jambo ambalo ningependa lipewe uzito kuliko mengine yote, nalo ni moyo wa mbwa. Mtu huenda kumtazama mbwa, akamkuta nyuma ya wavu ametoa meno na mate yanamtoka, akasema, "Huyu ndiye." Mara nyingi amemwona mbwa mwoga. Mtazame vizuri: uzito wake uko miguu ya nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala, anabweka huku akirudi kinyumenyume, na hata mwenyewe akifika hatulii. Mbwa wa hofu huuma anapobanwa, au anaposhikwa ghafla, au mtu anapompa kisogo, na watu wanaofanya mambo hayo kila siku ni watoto wa nyumbani, wageni wa mchana na jirani aliyekuja kuazima kitu. Mwizi mwenye fimbo humfanya akimbie. Mbwa jasiri ana sura nyingine: anasimama wima kwa miguu minne, uzito umesogea mbele, mkia uko juu, anakutazama, anabweka kwa sauti ya kina, na mwenyewe akimwambia basi, ananyamaza ndani ya dakika moja na kuja kukunusa. Huyo wa pili ndiye wa kuchukua.

Kwa watoto wa mbwa, nenda ukawaone wakiwa na wiki saba hivi, wakiwa pamoja na mama yao. Mtazame mama kabla ya wanawe, kwa sababu amewarithisha damu na pia amewaonyesha jinsi ya kumpokea mtu. Akikubwekea kisha akatulia, hiyo ni dalili njema. Akijificha, au akiwa lazima afungwe kwanza ndipo mtu aingie, fikiria upya. Muuzaji asiyetaka mama aonekane anakuambia jambo hata kama hasemi. Kisha kaa chini, usimwite yeyote, subiri. Baada ya dakika chache dondosha funguo hatua mbili kutoka walipo. Mmoja atakimbilia nyuma ya boksi na hatatoka tena. Mwingine atakuwa hata hajageuka. Mwingine atashtuka, atarudi hatua moja, atasimama akiinamisha kichwa pembeni, kisha atakuja polepole na pua chini hadi azifikie funguo na kuzigusa kwa mguu wake mdogo wa mbele. Huyo aliyeshtuka akarudi kutazama ndiye ninayempendekeza, kwa kuwa ameonyesha kwa pamoja hadhari na ujasiri. Jaribio hili halitabiri maisha yote ya mbwa, kwani tabia ya mtoto wa mbwa hubadilika sana anapokua, lakini linakusaidia kuwaepuka wale walio pembeni kabisa. Usimchukue mtoto kabla hajatimiza wiki nane. Katika siku hizo za mwisho na ndugu zake hujifunza kupima nguvu ya meno yake.

Kinachofuata ni kipindi ambacho wafugaji wengi hukiharibu kwa nia njema. Tangu wiki ya tatu hadi kati ya wiki ya kumi na mbili na ya kumi na nne, ubongo wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi ambao hautarudi tena. Watu, sauti na vitu anavyovizoea wakati huo huviona vya kawaida maisha yake yote, na asivyovizoea huviogopa. Wapo wanaomficha mtoto wa mbwa asionekane na mtu wakiamini kwamba atakuwa mkali. Wanachokipata ni yule mbwa mwoga niliyemweleza hapo juu. Samaki mkunje angali mbichi: mwonyeshe wanaume, wanawake, watoto, wazee wenye fimbo, watu wenye kofia, miamvuli, pikipiki na ngurumo. Ikiwa chanjo zake hazijakamilika, mbebe mikononi na umwepushe na mahali wanapopita mbwa wasiojulikana. Mbwa aliyewaona watu wengi wa kawaida ndiye anayemtambua mtu asiye wa kawaida, kwa mfano yule anayetembea kwa kunyata ukutani saa nane za usiku.

Usitarajie ulinzi kutoka kwa mtoto. Mbwa wengi huanza kubwekea wageni kwa dhamira wakiwa kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na wale wa mbegu kubwa hawapevuki kiakili hadi wafikie miaka miwili au mitatu. Anayehitaji ulinzi mwaka huu atafute mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu, ambaye tabia yake inaonekana wazi. Omba kumwona zaidi ya mara moja, mchana na jioni, akiwa na mtu asiyemjua na akiwa karibu na watoto. Akifika kwako, mpe wiki kadhaa za utulivu. Mbwa hulinda mahali anapopaona ni pake, na kwanza ni lazima apahisi hivyo.

Kuhusu dume au jike, tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa. Jike aghalabu ni mdogo kidogo wa mwili na hazururi sana. Dume asiyehasiwa huvutwa na jike aliye kwenye joto, na baadhi ya wezi hulijua hilo wakalitumia: hufika na jike wa namna hiyo, na mlinzi wa nyumba akasahau kazi yake. Kuhasi hupunguza udhaifu huo na hakumwondolei mbwa hamu ya kubwekea wageni. Muda wa kufanya hivyo uzungumze na daktari wa mifugo, kwa sababu mbegu kubwa zinahitaji kukomaa mifupa kwanza.

Njia ya wezi ninayoichukia kuliko zote ni sumu. Kipande cha nyama kinarushwa juu ya ukuta jioni, na usiku nyumba haina mlinzi. Mfundishe mbwa kula kutoka kwenye sahani yake tu, tena baada ya kuambiwa, na uwaombe rafiki zako wajaribu kumpa vitu vizuri ili ajizoeze kukataa. Mafunzo hayo hupunguza hatari bila kuimaliza, hivyo ukague ua kabla ya giza kuingia. Ukimkuta anatetemeka, anatokwa povu au anaanguka, mkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na mabaki ya alichokula, wala usimnyweshe maziwa au mafuta kwa nguvu, kwani mbwa aliye katika degedege huvuta vimiminika hivyo mapafuni. Kinga iliyo bora kuliko mafunzo ni mahali pa kulala. Mbwa anayelala ndani, barazani penye wavu au ukumbini karibu na mlango, hafikiwi na nyama ya kurushwa, na mwizi anapomsikia anajua kwamba lazima ampite ili aingie. Watu wengi hudhani mbwa wa ndani halindi. Masikio yake hayazuiwi na mlango.

Mnyororo nao unahitaji kuzungumziwa. Mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba analinda duara lenye urefu wa mnyororo wake. Mwizi huhitaji usiku mmoja tu kuupima urefu huo, kisha hupita upande mwingine. Kufungwa mchana kutwa bila matembezi wala mtu wa kuzungumza naye humjaza mbwa ghadhabu isiyochagua, na siku mnyororo unapokatika humwangukia wa kwanza kumwona. Kama hakuna uzio wa kumzuia asitoke, tengeneza uzio kwanza, kisha mlete mbwa.

Yeyote anayeleta mbwa mkubwa nyumbani ameleta pia uwezekano wa mtu kuumwa, na mara nyingi anayeumwa ni mtu anayemfahamu mbwa, hasa mtoto. Usimwache mtoto mdogo na mbwa peke yao, hata kama mbwa ni mpole na hata kama ni kwa dakika mbili. Weka kibao cha onyo langoni, na umweke mbwa mbali na njia anayopita mgeni halali hadi kwenye kengele. Soma sheria ya nchi yako kabla ya kununua: Uingereza, kwa mfano, ilipiga marufuku baadhi ya mbegu kwa sheria ya mwaka 1991 na imeongeza nyingine baadaye. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa karibu hakika hufa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa ana cheti cha chanjo.

Kuhusu mafunzo ya kushambulia, msimamo wangu ni kwamba mwenye nyumba wa kawaida asiyaguse. Mbwa aliyefunzwa kuuma bila kufunzwa kuachia ni silaha isiyo na kizuizi, na kumfundisha kuachia ni kazi ya miezi mingi ambayo lazima irudiwe maisha yake yote. Wanaomchokoza mbwa kwa vijiti ili awe mkali wanamfundisha jambo moja tu, kwamba binadamu ni adui. Badala yake, tumia dakika kumi asubuhi na kumi jioni kumfundisha mambo manne: kuja akiitwa, kukaa, kuacha kitu akiambiwa, na kunyamaza. Mbwa anayeyatii hayo manne anaweza kuitwa arudi mlangoni wakati polisi au jirani wanapoingia kusaidia usiku wa tukio, na huo ni wakati ambapo mbwa wengi wasiofunzwa humuuma aliyekuja kuokoa.

Katika siku zake za kwanza nyumbani, mtembeze kwa kamba kando ya uzio wote, asubuhi na jioni, ukisimama naye kila kona ili anuse. Fanya hivyo pia usiku mara chache, taa zikiwa zimezimwa. Ndani ya wiki mbili utamwona akipita njia ileile peke yake bila kamba, akisimama palepale mlipokuwa mkisimama.

Mbwa wakubwa wengi huishi miaka 9 hadi 13, na kuanzia mwaka wa saba au wa nane masikio huanza kupungua ukali ingawa sauti ingalipo. Huo ndio wakati mzuri wa kumleta mrithi. Chagua wa jinsia tofauti na mkubwa ili kupunguza ugomvi, na uwalishe kila mmoja mahali pake. Mdogo atamfuata mkubwa kwenye mzunguko wa jioni, atasimama anaposimama, na usiku mkubwa atakapoinua kichwa atainua na yeye. Baada ya mwaka mmoja hivi mambo yatageuka: mdogo ndiye atakayesikia wa kwanza, na mkubwa, bila kuinuka alipolala, atatoa mbweko mmoja wa kumuunga mkono.